Kupangilia michoro kwenye kompyuta: Umbo lipi lisimame, lipi lisogee?

KWA mtu anayepita katika maduka ya usanifu na uchapaji ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au yale ya River Road jijini Nairobi, kadi ya mwaliko wa harusi ni kazi ndogo. Kijana aliyeketi mbele ya kompyuta huchora fremu, huweka utepe, huandika majina ya maharusi, huongeza tarehe na ukumbi, kisha hubonyeza kitufe kimoja ili vyote vikae katikati. Mteja hutazama kwenye kioo, huridhika, na kadi 300 hupelekwa mashinini. Ni pale bunda linapotoka kwenye mashine ya kukatia karatasi ndipo mtu mmoja husema kwamba fremu imekaa upande.

Chanzo cha kasoro ya namna hiyo si lazima kiwe mashine wala karatasi. Mara nyingi ni amri ya kupangilia iliyotolewa bila kompyuta kuambiwa umbo lipi lisimame na yapi yasogee. Kwa duka linalopata faida ya shilingi chache katika kila kadi, kuchapa upya bunda zima ni kula mtaji, na mteja aliyekwisha kugawa kadi mbovu kwa wajomba na mashangazi harudi tena.

Programu za kuchorea zimekuwa na dawa ya tatizo hilo kwa miaka mingi. Dawa yenyewe ni kuteua umbo moja liwe rejea, yaani umbo ambalo halitasogea kwa hali yoyote, na ambalo mengine yote yatalifuata. Hata hivyo, kila programu ina njia yake ya kulipata umbo hilo, na njia hizo hazifanani. Fundi aliyezoea programu moja akihamia nyingine hujikuta amesogeza kile alichotaka kibaki.

Kompyuta inaona nini

Michoro inayozungumziwa hapa ni ile ya vekta. Kompyuta haiihifadhi kama vidoa vya rangi, jinsi inavyofanya kwa picha ya kamera, bali huihifadhi kama hesabu: mstari unaanzia wapi, unaishia wapi na umejipinda kiasi gani. Ndiyo maana nembo iliyochorwa kwa vekta yaweza kuchapwa kwenye kalamu na vilevile kwenye bango la barabarani bila kingo zake kuchakaa. Hesabu za mikunjo hiyo zilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault walizifanyia kazi kila mmoja kivyake.

Wazo la kuiamuru mashine iweke mistari sawa nalo si la jana. Mwaka 1963, mwaka uleule ambao Kenya ilipandisha bendera yake, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT nchini Marekani alionesha programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji alishika kalamu ya mwanga, akachora juu ya kioo, kisha akaiamuru mashine ifanye mistari miwili iwe sambamba au iwe na urefu ulio sawa. Programu zote za leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulifahamu ni kwamba kompyuta haioni ua, wala pete, wala utepe. Inapoambiwa ipangilie, kila umbo hugeuka kuwa kisanduku cha pembe nne kilicholizunguka umbo hilo kwa kuligusa juu, chini, kushoto na kulia. Kupangilia kushoto ni kuzifikisha kingo za kushoto za visanduku hivyo kwenye mstari mmoja. Kupangilia katikati ni kuvifikisha vitovu vyake kwenye mstari mmoja. Swali linalobaki ni moja tu: mstari huo unapita wapi?

Programu ikiachwa ijiamulie, yaweza kuchukua maumbo yote yaliyoteuliwa, ikayazungushia kisanduku kimoja kikubwa, kisha ikautafuta mstari ndani ya kisanduku hicho kikubwa. Hapo hakuna umbo lenye cheo. Yote husogea.

Hesabu ya kadi iliyokaa upande

Mfano wa kadi unaonesha jambo hilo vizuri. Chukulia kadi yenye upana wa milimita 210, ambayo fremu yake ina upana wa milimita 180. Fremu imewekwa sawasawa, milimita 15 kutoka ukingo wa kushoto na milimita 15 kutoka ukingo wa kulia. Juu yake kuna utepe uliochorwa kwa macho. Unaanzia milimita 9 kutoka kushoto, nje kidogo ya fremu, na unaishia ndani ya fremu upande wa kulia. Majina na tarehe yako ndani.

Msanifu anateua vyote na kutoa amri ya katikati. Kisanduku kikubwa cha uteuzi kinaanzia milimita 9, pale ulipo mwanzo wa utepe, na kuishia milimita 195, palipo mwisho wa fremu. Katikati yake ni milimita 102, lakini katikati ya kadi ni milimita 105. Vitu vyote, ikiwemo fremu iliyokuwa imekaa vizuri, vinahamia kwenye mstari wa 102. Fremu sasa ina nafasi ya milimita 12 kushoto na milimita 18 kulia.

Hapa ndipo macho hudanganyika. Kwenye kioo kila kitu kimenyooka, kwa maana majina yapo katikati ya utepe, utepe upo katikati ya fremu, na tarehe imefuata. Vimepotoka vyote kwa pamoja, kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hakuna kinachomshitaki mwenzake. Shahidi pekee ni ukingo wa karatasi, na ukingo huo huonekana vizuri baada ya kisu kupita.

Aidha, kuna sababu ya kosa hili kuishi muda mrefu bila kugunduliwa. Iwapo utepe ungekuwa wote ndani ya fremu, kisanduku kikubwa cha uteuzi kingelingana na fremu yenyewe, na fremu isingesogea hata kidogo. Msanifu anaweza kufanya kazi kwa miezi akiamini kwamba programu inajua fremu ndiyo mwenye nyumba. Haijui. Ilikuwa bahati ya vipimo, na bahati hiyo huisha siku kitu kimoja kinapochomoza nje.

Mafundi wa uashi wana utaratibu ambao wasanifu wangefaidika nao. Fundi hajengi ukuta kwa kuyatazama matofali yote na kutafuta wastani wake. Huanza na tofali la pembeni, hulipima kwa timazi na pima maji mpaka aridhike, kisha hufunga kamba kutoka pembe hiyo hadi nyingine. Tofali jingine lolote likitofautiana na kamba, tofali ndilo lenye makosa. Umbo rejea ndilo tofali hilo la pembeni.

Illustrator: kubofya mara ya pili

Programu ya Illustrator ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, ndiyo yenye utaratibu ulio wazi zaidi kati ya hizi. Paneli ya kupangilia hufunguliwa kwa kubonyeza Shift pamoja na F7. Ndani yake kuna chaguo tatu za kile kitakachofuatwa: uteuzi mzima, umbo rejea, au ukurasa wa kazi.

Ili kuchagua umbo rejea, msanifu huteua kwanza maumbo yote yanayohusika, likiwemo lile litakalosimama. Kisha huachia kitufe cha Shift na kubofya mara moja zaidi juu ya umbo analotaka liwe rejea. Umbo hilo huvishwa mstari mnene kulizunguka, ambao kwa kawaida ni wa buluu, na paneli yenyewe hugeukia kwenye chaguo la umbo rejea. Amri yoyote itakayotolewa baada ya hapo itayasogeza mengine na kuliacha hilo palepale.

Kuachia Shift si jambo la mapambo. Anayebofya huku bado ameishikilia huliondoa umbo kwenye uteuzi badala ya kulipa cheo. Hilo ni kosa linalowapata wanaoanza, na wengi wao hudhani programu imeharibika. Anayebadili mawazo anaweza kubofya tena juu ya umbo hilo ili mstari mnene uondoke, au kubofya umbo jingine ili cheo kihamie huko. Uteuzi ukifutwa, cheo nacho hufutika, kwa hiyo kila kazi mpya huhitaji rejea yake.

Illustrator ina faida nyingine inayohusiana na hiyo, ambayo haitumiki inavyostahili. Umbo rejea likishachaguliwa, msanifu anaweza kuandika kipimo cha nafasi anayotaka kati ya umbo na umbo, kwa mfano milimita 5, na programu ikayatawanya maumbo mengine kwa nafasi hiyo kamili kuanzia kwenye rejea. Kwa anayepanga nembo za wafadhili chini ya bango, ambako kila mfadhili huja na rula yake, njia hiyo huokoa maneno mengi.

Kuna kikwazo kimoja cha kufahamu mapema. Wapo wanaoifunga fremu kwa kufuli ya programu ili isisogee, kisha wakashangaa kwamba haikubali kuwa rejea. Umbo lililofungwa haliwezi kuteuliwa, na lisiloweza kuteuliwa haliwezi kufuatwa. Kufuli haihitajiki hapo, kwa kuwa umbo rejea halisogei kwa amri ya kupangilia.

CorelDRAW: wa mwisho ndiye mwenyeji

CorelDRAW, ambayo ni programu ya kampuni iliyoanzishwa jijini Ottawa, Kanada, mwaka 1985, ilitoka mwaka 1989. Kampuni hiyo ilibadili jina na kuitwa Alludo mwaka 2022, lakini programu ilibaki na jina lake. Katika maduka ya fulana, mihuri na mabango ya Afrika Mashariki ni programu iliyozoeleka mno, na sababu mojawapo ni wepesi wa vitufe vyake. Herufi L hupangilia kushoto, R kulia, T juu na B chini, bila kushikilia kitufe kingine chochote. Herufi C na E hushughulikia katikati, moja kwa kila mwelekeo, na zikibonyezwa kwa kufuatana umbo hukaa kwenye kitovu cha lile linalofuatwa.

Humu hakuna kubofya mara ya pili wala mstari mnene. Kanuni ni kwamba umbo lililoteuliwa mwisho ndilo rejea. Msanifu hubofya majina, akishikilia Shift hubofya tarehe, kisha utepe, na mwisho kabisa hubofya fremu. Akibonyeza C, fremu husimama na vingine huifuata. Akianza na fremu na kumalizia na tarehe, fremu nzima itaifuata tarehe, nayo ilikuwa imewekwa popote ilipoangukia.

Kanuni hiyo ni nyepesi, lakini ina mtego. Inafanya kazi kwa uhakika pale maumbo yanapoteuliwa moja baada ya jingine. Anayeyazungushia kipanya na kuyanasa yote kwa mkupuo hakusema lipi ni la mwisho, kwa hiyo programu hujichagulia kwa kanuni yake yenyewe. Matokeo yake ni kwamba amri ileile, kwenye faili lilelile, hutoa sura mbili tofauti kutegemea mkono ulivyopita. Fundi anayelalamika kwamba kompyuta leo ina kisirani angefanya vyema kukumbuka jinsi alivyoteua.

Herufi P ni jambo jingine. Hiyo haitazami umbo lolote, bali hupeleka kilichoteuliwa katikati ya ukurasa. Ni nzuri kwa fremu, lakini ni mbaya kwa maandishi yanayopaswa kukaa ndani ya kisanduku kilicho pembeni.

Inkscape: chaguo nyingi, tahadhari nyingi

Inkscape ni programu huria inayopatikana bure, jambo lisilo dogo kwa mwanafunzi au kijana anayeanza biashara, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2013 Adobe iligeukia mtindo wa kulipisha kwa mwezi au kwa mwaka. Ilizaliwa mwaka 2003 kwa kujitenga na programu iliyoitwa Sodipodi, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020. Hutunza michoro katika mtindo wa SVG, ambao ulikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa ya michoro ya mtandao wa intaneti mwaka 2001.

Paneli yake ya kupangilia hufunguliwa kwa Shift, Ctrl na A kwa pamoja, na ina orodha ya mambo saba yanayoweza kufuatwa: umbo lililoteuliwa mwisho, lililoteuliwa kwanza, lililo kubwa kuliko yote, lililo dogo kuliko yote, ukurasa, mchoro mzima, au eneo la uteuzi. Hakuna programu nyingine kati ya hizi tatu inayompa msanifu uhuru kama huo.

Uhuru huo una bei. Kwanza, paneli hukumbuka chaguo la mara ya mwisho. Katika duka lenye kompyuta moja na wasanifu watatu wa zamu, wa asubuhi aweza kuiacha kwenye ukurasa na wa jioni akaitumia akidhani iko kwenye umbo la kwanza. Kutupia jicho orodha hiyo kabla ya kubonyeza kunachukua sekunde moja.

Pili, neno kubwa halina maana ambayo wengi huipa. Inkscape haipimi eneo la umbo. Hupima upana pale amri inapohusu kushoto na kulia, na hupima urefu wa kwenda juu pale amri inapohusu juu na chini. Mstari mmoja wa maandishi uliotapakaa nje ya kisanduku chake waweza kuwa mpana kuliko kisanduku, na hapo maandishi ndiyo yatakayoitwa makubwa na kisanduku ndicho kitakachosogea. Kwa kazi ya kulipwa ni salama zaidi kutumia la kwanza au la mwisho, ambayo hayategemei vipimo.

Kasoro zisizotokana na rejea

Hata rejea ikichaguliwa vizuri, yapo mambo matatu yanayoweza kuiharibu kazi.

La kwanza ni vitu vilivyopaswa kwenda pamoja kutofungwa pamoja. Jina la bwana harusi, neno la kuunganisha na jina la bibi harusi vikiwa maumbo matatu, amri ya katikati kwa mielekeo yote miwili itavirundika juu ya kitovu kimoja na kuwa doa lisilosomeka. Ctrl na G huvifunga kuwa kundi moja katika programu zote tatu, na kundi husafiri kama umbo moja. Aliyekwisha kurundika anayo Ctrl na Z.

La pili ni unene wa mstari. Fremu yenye mstari wa milimita 4 ina milimita 2 za wino nje ya njia yake na milimita 2 ndani. Illustrator, isipoambiwa vinginevyo, hupima njia na kuupuuza wino. Kisanduku cha rangi kikipangiliwa kushoto na fremu hiyo, ukingo wake hukaa katikati ya unene wa mstari na fremu huchomoza milimita 2 zaidi. Katika menyu ndogo ya paneli ya kupangilia kuna chaguo la kuhesabu kile kinachoonekana, unene ukiwemo. Inkscape huanzia upande wa pili, kwani huhesabu kinachoonekana, na anayetaka njia tupu hubadili katika mipangilio yake. Faili likihama kutoka programu moja kwenda nyingine, tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kuchunguzwa.

La tatu, na ndilo linalosumbua zaidi, ni maandishi. Kisanduku cha maandishi hakikomi kwenye wino wa herufi. Huacha nafasi chini kwa ajili ya mikia ya herufi kama g na y, hata kama neno lenyewe halina mkia. Neno HARUSI lililoandikwa kwa herufi kubwa likiwekwa katikati ya utepe kwa amri sahihi kabisa, macho huliona limepanda juu kidogo. Macho ndiyo yenye haki. Njia ya mafundi ni kugeuza nakala ya maandishi kuwa maumbo, kwa Ctrl, Shift na O katika Illustrator, Ctrl na Q katika CorelDRAW, au Ctrl, Shift na C katika Inkscape, kisha kuipangilia nakala hiyo. Maandishi halisi yatunzwe pembeni, maana herufi zilizogeuzwa kuwa maumbo hazisahihishwi tena kwa kupiga chapa, na maharusi hubadili ukumbi.

Kwa wanaopanga maandishi yaanzie pembeni, fremu yenyewe haifai kuwa rejea kwa sababu herufi zitakaa juu ya mstari wake. Hapo huchorwa kisanduku kingine ndani ya fremu, kisicho na rangi wala mstari, chenye nafasi inayotakiwa kila upande. Hicho ndicho huwa rejea, na kazi ikiisha hufutwa. Rejea si lazima iwe sehemu ya mchoro.

Kanga na bendera

Mwanamke yeyote wa pwani anaweza kueleza somo hili bila kompyuta. Kanga ina pindo inayoizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yake. Kila sehemu ina kinachoiongoza. Mji hufuata pindo. Kisanduku cha jina hufuata mji kwa kushoto na kulia, lakini hakiufuati kwa juu na chini, kwa kuwa mahali pake ni sehemu ya chini. Maneno yenyewe hufuata kisanduku kwa pande zote. Msanifu anayeteua vyote vinne na kutoa amri moja hataipata kanga. Kazi hiyo ni ya amri tatu, kila moja na rejea yake, na nyingine ni ya mwelekeo mmoja tu.

Bendera nazo zina mafunzo yake. Katika bendera ya Kenya, ngao na mikuki miwili hukaa katikati ya kitambaa, kwa hiyo kundi la ngao na mikuki lililofungwa pamoja hufuata mstatili wa bendera na kazi imekwisha. Bendera ya Bangladesh, iliyopitishwa mwaka 1972 katika sura yake ya sasa, haikubali hivyo. Duara lake jekundu halipo katikati. Kitovu chake kipo kwenye sehemu 9 kati ya 20 za urefu, upande wa mlingoti, ili bendera inapopepea duara lionekane limekaa katikati. Msanifu anayelipeleka duara hilo kwenye kitovu cha mstatili atakuwa ameitii programu na kuikosea bendera. Hapo rejea sahihi ni mstari wa kusaidia uliochorwa kwenye sehemu ya 9, wala si kitambaa.

Baada ya pleti kutengenezwa

Gharama ya kosa hupanda kadiri kazi inavyosonga mbele. Kwenye kioo ni Ctrl na Z. Kwenye kazi ya rangi mbili au zaidi, ambapo kila rangi huwa na pleti yake au skrini yake ya hariri, hali ni nyingine kabisa. Mteja akiomba jina lisogezwe baada ya skrini ya kwanza kutengenezwa, msanifu aweza kuokoa skrini hiyo kwa kubadili rangi moja tu, mradi umbo lililokwisha kuchongwa lisimame palepale lilipo. Akipangilia kwa uteuzi mzima, umbo hilo litasogea pia ndani ya faili, na skrini mpya haitakutana na ya zamani. Fulana itatoka na kivuli cheupe upande mmoja wa herufi.

Kwa sababu hiyo wachapaji makini huandika kando namba za mahali lilipo umbo rejea, umbali wake kutoka kushoto na kutoka juu kama programu inavyozionesha, kabla ya kugusa amri yoyote ya kupangilia. Baada ya amri hulibofya umbo hilo na kuzisoma tena. Namba zikiwa zilezile, faili hupelekwa mashinini. Zikitofautiana hata kwa nusu milimita, hurudi nyuma kwa Ctrl na Z na kuteua upya.